Upanga wa Kijapani: Jina la mhunzi chini ya mpini, fahari ya mwenyewe juu yake

UPANGA wa kale wa Kijapani si kazi ya fundi mmoja, wala hausimulii habari za mtu mmoja.

Mhunzi ndiye aliyefua chuma. Mnoaji, ambaye aghalabu hakuwa na kazi nyingine maishani ila hiyo, akakitia makali na kuking'arisha. Fundi wa mbao akachonga ala, mwenzake akaipaka laka, naye sonara akatia dhahabu, fedha na shaba kwenye mpini.

Ndiposa wajuzi wa silaha hizi huugawa upanga katika sehemu mbili ambazo hutathminiwa mbalimbali. Kuna bapa, yaani chuma chenyewe kuanzia ncha hadi mwisho wa msuka unaoingia mpinini. Kisha kuna mavazi yake: ala, mpini, kikinga mkono na vipambo vyote vinavyoandamana navyo. Wajapani huyaita mavazi hayo koshirae.

Bapa huhifadhi habari za aliyelifua. Mavazi huhifadhi habari za aliyeuvaa upanga. Mtu aliyerithi au kununua silaha ya aina hii pasi na kuielewa tofauti hiyo anaweza kufuta kwa dakika chache, tena kwa nia njema kabisa, ushahidi uliodumu kwa karne kadhaa.

Urefu na namna ya kuvaa

Panga hizi hupimwa kwa kipimo cha jadi kiitwacho shaku, ambacho ni takriban sentimita 30.3. Bapa linalozidi shaku mbili huhesabiwa kuwa upanga mrefu. Lililo kati ya shaku moja na mbili huitwa wakizashi. Lisilofikia shaku moja ni tanto, ambalo kwetu sisi lingeitwa jambia.

Panga ndefu nazo ni za namna mbili. Ya kale zaidi ni tachi, ambayo ilining'inizwa kiunoni kwa kamba, makali yakiangalia chini. Hiyo ilimfaa sana mpiganaji aliyepanda farasi.

Baadaye, hasa katika karne za 15 na 16, vita vilipopiganwa zaidi na askari wa miguu, ilienea katana. Hii huchomekwa kwenye mshipi makali yakiangalia juu, hivyo mvaaji aliweza kuichomoa na kukata kwa mkupuo mmoja.

Katika enzi ya watawala wa ukoo wa Tokugawa, kati ya 1603 na 1868, kuvaa katana na wakizashi pamoja ilikuwa alama ya tabaka la samurai. Jozi hiyo iliitwa daisho, yaani kubwa na ndogo. Mfanyabiashara aliweza kuwa tajiri kumshinda samurai mara kumi, lakini hakuruhusiwa kujivalia jozi hiyo kama apendavyo.

Chuma, udongo na maji

Chuma cha panga hizi hakikuchimbwa miambani. Kilitokana na mchanga wenye madini ya chuma, uliochomwa kwa makaa katika tanuri la udongo liitwalo tatara. Moto huo huchochewa kwa siku tatu usiku na mchana, kisha tanuri lenyewe hubomolewa ili bonge la chuma litolewe. Sehemu bora ya bonge hilo huitwa tamahagane, na ndiyo feleji ya Wajapani.

Ustadi huo ulikaribia kutoweka katika karne ya 20. Tanuri la namna hiyo lilifufuliwa mwaka wa 1977 huko Okuizumo, katika mkoa wa Shimane, na ndilo linalowapa wahunzi wa leo chuma cha jadi.

Mhunzi hukivunja chuma hicho vipande vipande, akavichagua kwa kuvitazama mahali vilipovunjika, kisha akaviunganisha kwa moto na nyundo. Hukikunja na kukifua tena na tena, kwa kawaida kati ya mara 10 na 15. Akikikunja mara 10, anapata matabaka 1,024. Akifika mara 15, matabaka yanazidi 32,000.

Hata hivyo, wingi wa matabaka si lengo. Mhunzi hukunja chuma ili kufukuza taka na kukisawazisha, pasiwe na upande mgumu na mwingine laini. Mikunjo hiyo ndiyo huacha michirizi myembamba kama ile ya ubao uliopigwa randa, inayoonekana baada ya bapa kung'arishwa. Aidha, mafundi wengi huweka chuma laini kiasi katikati na kukivika chuma kigumu nje, ili upanga ukate bila kuvunjika.

Kazi ya hatari kuliko zote ni kutia matiko, yaani kukichovya chuma chenye moto majini ili kiwe kigumu. Kabla ya hapo mhunzi hulipaka bapa udongo uliochanganywa na unga wa makaa na wa kinoo. Penye makali hupaka udongo mwembamba, na mgongoni huuacha mnene.

Bapa linapoingia majini, makali hupoa ghafla na kuwa magumu mno. Mgongo hupoa polepole na kubaki na unyumbufu. Tofauti hiyo huongeza mpindo wa upanga, na ndiyo pia huleta mstari mweupe wenye mawimbi kando ya makali, uitwao hamoni. Mstari huo haukuchorwa juu ya chuma, bali umo ndani yake.

Wakati mwingine bapa hupasuka majini papo hapo. Likipasuka, kazi yote ya awali imekwenda na maji.

Kila eneo lilikuwa na namna yake ya kufua na kutia matiko. Wajuzi hutaja mapokeo matano makuu: Yamato, Yamashiro, Bizen, Sagami na Mino. Bizen ndiko kulikotoka panga nyingi zaidi, ilhali Sagami ndiko alikofanyia kazi Masamune, mhunzi wa mwishoni mwa karne ya 13 na mwanzoni mwa karne ya 14 ambaye Wajapani humtaja kabla ya wengine wote.

Jina lililofichwa

Msuka, ile sehemu ya chuma inayozama mpinini, haung'arishwi kamwe. Hapo ndipo mhunzi huchonga jina lake kwa patasi, na pengine jimbo lake na tarehe. Kwa hivyo, mtu angeweza kuvaa upanga maisha yake yote na jina la aliyeufua lisionwe na mpita njia yeyote.

Kulifikia jina hilo si vigumu. Mpini haukugandishwa kwa gundi. Hushikiliwa na kijiti cha mwanzi kinachopenya katika tundu la msuka. Kijiti kikisukumwa nje, mpini wote huvuka.

Upande lilipochongwa jina nao una maana. Desturi ilikuwa jina liwekwe upande unaotazama nje upanga unapovaliwa. Kwa kuwa tachi na katana huvaliwa makali yakielekea kinyume, mjuzi akitazama upande wenye jina huweza kutambua upanga ulikusudiwa kuvaliwa vipi.

Hata hivyo, panga nyingi za kale zimepoteza majina. Mtindo ulipobadilika, tachi nyingi ndefu zilifupishwa ili zivaliwe kama katana. Zilikatwa upande wa msuka badala ya nchani, kwa maana ncha iliyotiwa matiko haiwezi kuundwa upya kwa kukatwa tu. Penye kukatwa msuka, jina nalo likakatwa.

Isitoshe, wapo wahunzi ambao hawakuchonga majina mara nyingi. Masamune ni mmoja wao, na kazi zake zilizo na jina ni chache mno.

Ili kuzitambua panga zisizo na majina, uliibuka ukoo wa Hon'ami, uliofanya kazi ya kunoa na kutathmini panga kizazi baada ya kizazi. Hati zao, zilizoandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa, ziliheshimiwa nchini kote. Mnamo 1719 ukoo huo uliwasilisha kwa mtawala Tokugawa Yoshimune orodha ya panga mashuhuri za Japani, ambayo hurejelewa hadi leo.

Palipo na jina la thamani hapakosi mwigaji. Majina ya wahunzi wakuu yamechongwa kwa udanganyifu kwa karne nyingi. Nagasone Kotetsu, mhunzi wa karne ya 17 ambaye hapo awali alikuwa fundi wa deraya, ameigwa kiasi kwamba panga zenye jina lake hutiliwa shaka kwanza, kisha ndipo zichunguzwe.

Hapo ndipo kutu inapopata kazi. Kutu ya msuka hujijenga polepole mno, ikibadilika rangi kutoka hudhurungi hadi kukaribia weusi. Kina cha kutu hiyo, pamoja na alama za tupa alizoziacha mhunzi, humsaidia mjuzi kukadiria umri wa upanga na kuamua iwapo jina ni la kweli. Patasi ya mwongo aliyekuja miaka 200 baadaye hukata kutu. Patasi ya mwenye kazi imefunikwa nayo.

Mavazi ya upanga

Tukitoka kwenye chuma, tunaingia katika kazi ya masonara na maseremala.

Kipambo kinachojulikana zaidi ni tsuba, kile kisahani kilicho kati ya mpini na bapa. Hukinga mkono usiteleze kwenye makali na husawazisha uzito wa silaha. Nyingi zina upana wa kati ya sentimita 6 na 8.5. Katikati pana tundu la kupitisha msuka, na mara nyingi pana matundu mengine mawili kandoni, moja kwa ajili ya kijisu kidogo kinachochomekwa ubavuni mwa ala, na jingine kwa ajili ya kijiti cha kutengenezea nywele.

Tsuba za kale zilikuwa za chuma kitupu, au zilizotobolewa maumbo sahili ya majani, ndege na magurudumu. Baadaye zikaja za shaba, fedha na dhahabu.

Mpini ni wa mbao uliovikwa ngozi ya samaki aitwaye taa, ambaye wavuvi wa Pwani yetu wanamfahamu vyema. Ngozi hiyo ina vinundu vigumu vinavyozuia mkono kuteleza, na nyingi yake iliingizwa Japani kwa meli kutoka nchi za kusini. Juu ya ngozi husukwa utepe wa hariri, ukiacha mianya yenye umbo la almasi. Chini ya utepe huo huchungulia menuki, vipambo viwili vidogo vya madini vyenye maumbo kama ya joka, simba au ua, ambavyo pia huusaidia mkono kushika barabara.

Mwanzo wa mpini una pete ya madini, na mwisho wake una kifuniko. Viwili hivyo hutengenezwa kwa pamoja na kubeba nakshi inayooana. Ala nayo huchongwa kwa mbao laini isiyokwaruza chuma, kisha hupakwa laka, ambayo ni utomvu wa mti, tabaka juu ya tabaka.

Masonara wa Japani walivumbua michanganyiko ya madini isiyo ya kawaida. Shakudo ni shaba iliyotiwa dhahabu kidogo, ambayo ikishughulikiwa kwa dawa maalumu hugeuka nyeusi yenye kivuli cha samawati, kama unyoya wa kunguru. Shibuichi ni shaba iliyotiwa fedha, na hutoa rangi za kijivu. Jina lake maana yake ni robo, kwa kurejelea kiasi cha fedha. Kwa rangi hizo, fundi aliweza kuchora usiku, mwezi na maji bila kugusa brashi.

Ukoo uliotia fora katika kazi hii ni wa Goto. Mwanzilishi wake, Goto Yujo, aliyeishi kati ya 1440 na 1512, alimtumikia mtawala Ashikaga Yoshimasa. Wazao wake waliendelea kuwatumikia watawala kwa vizazi 17. Samurai aliyekwenda kwenye ngome ya mtawala kwa shughuli rasmi alitarajiwa kuvaa ala nyeusi isiyo na madoido, pamoja na vipambo vya shakudo kwa mtindo wa Goto.

Ni jambo la kuzingatia kwamba mapambo haya yalishamiri wakati wa amani. Vita vikubwa vilipokwisha mwanzoni mwa karne ya 17, upanga uligeuka kuwa kitambulisho cha cheo. Bapa la karne ya 14 liliweza kuvikwa mavazi mapya kila mrithi alipopanda daraja au mtindo ulipobadilika. Wafanyabiashara matajiri nao, walioruhusiwa wakizashi peke yake, walitumia fedha nyingi kuipamba hiyo moja.

Amri iliyowanyima mafundi kazi

Serikali za Japani zilianza kuziwinda panga zamani. Mnamo 1588, mtawala Toyotomi Hideyoshi aliamuru wakulima wanyang'anywe silaha, akitangaza kwamba chuma chake kingetumiwa kutengeneza misumari na komeo za sanamu kubwa ya Buddha mjini Kyoto.

Pigo lililowafikia samurai wenyewe lilikuja Machi 28, 1876. Serikali ya Meiji ilipiga marufuku uvaaji wa panga hadharani, isipokuwa kwa wanajeshi, polisi na maafisa katika hafla rasmi. Mwaka uliofuata, samurai wa Satsuma wakiongozwa na Saigo Takamori waliinuka dhidi ya serikali, wakashindwa. Marupurupu waliyopokonywa, upanga ukiwemo, yalikuwa miongoni mwa malalamishi ya tabaka lao.

Kwa mafundi, amri hiyo ilikuwa sawa na kufungiwa duka. Goto Ichijo, stadi wa mwisho mashuhuri wa ukoo wake, alifariki mwaka huohuo wa 1876.

Kano Natsuo, aliyezaliwa 1828, alipata njia nyingine. Alikuwa ameshirikishwa kutia nakshi kwenye kalibu za sarafu mpya za serikali, na baadaye akafundisha katika Shule ya Sanaa ya Tokyo hadi kifo chake mwaka wa 1898. Wengine waliokuwa wakitengeneza tsuba waligeukia vyungu vya maua, vyetezo na masanduku ya kuuzwa Ulaya na Marekani.

Panga zenyewe zilivuliwa mavazi. Wanunuzi wa kigeni walipenda tsuba na menuki kwa kuwa ni ndogo, nyepesi na za kuvutia. Maelfu ya vipambo viliuzwa vikiwa vimetengwa na mabapa yake, na leo vimo katika majumba ya makumbusho ya London, New York na Boston. Nyingi haziwezi tena kuoanishwa na upanga uliozivaa.

Mwaka wa 1945 na baada yake

Japani iliposhindwa katika Vita vya Pili vya Dunia, jeshi lililoikalia liliamuru silaha zote zisalimishwe. Amri hiyo haikutenganisha upanga wa kiwandani aliopewa afisa mwaka wa 1940 na kazi ya mhunzi wa karne ya 13. Panga zisizohesabika ziliyeyushwa, zikatupwa baharini au zikachukuliwa na wanajeshi kama kumbukumbu za vita.

Mtaalamu Honma Junji na wenzake waliwashawishi wakuu wa jeshi hilo kwamba panga zenye thamani ya sanaa zisiharibiwe. Juhudi hizo ziliokoa panga nyingi, na mnamo 1948 kikaundwa chama cha kuhifadhi panga za sanaa za Japani, ambacho kingali kinatoa vyeti vya uthibitisho.

Kwa baadhi ya panga, wokovu ulichelewa. Honjo Masamune, upanga uliorithiwa na watawala wa ukoo wa Tokugawa na kutangazwa hazina ya taifa mwaka wa 1939, ulisalimishwa na ukoo huo katika kituo cha polisi cha Mejiro, Tokyo, Desemba 1945. Ulichukuliwa kutoka hapo mapema mwaka uliofuata, na haujaonekana tena.

Upanga mwingine ulipata bahati njema. Tachi ya mhunzi Kunimune wa Bizen, iliyokuwa mali ya hekalu la Terukuni mjini Kagoshima, ilipotea baada ya vita. Ilikuja kuangukia mikononi mwa Walter Compton, Mmarekani aliyekusanya panga kwa miaka mingi. Ilipobainika kuwa ni hazina ya taifa ya Japani, Compton aliirejesha mwaka wa 1963 pasi na kudai malipo.

Leo, chini ya sheria ya mwaka wa 1958, upanga hauwezi kumilikiwa kihalali nchini Japani bila hati ya usajili. Hati hiyo hutolewa kwa upanga uliofuliwa kwa njia ya jadi. Mhunzi naye sharti awe amefunzwa kwa angalau miaka mitano chini ya mhunzi mwenye leseni, na haruhusiwi kukamilisha zaidi ya panga ndefu mbili kwa mwezi.

Namna ya kuutunza

Adui wa kwanza wa bapa ni jasho. Kidole kikigusa chuma kilichong'arishwa, chumvi huanza kula mara moja. Kwa hivyo, bapa hushikwa kwa msuka au kwa kitambaa safi tu.

Kwa desturi, mafuta ya zamani hufutwa kwa karatasi laini, bapa likapigwapigwa unga mwororo wa kinoo, likafutwa tena na kupakwa mafuta mapya kidogo. Mafuta hayo hutiwa karafuu, zao lililozipa Unguja na Pemba jina duniani.

Bapa lenye thamani halihifadhiwi katika ala yake ya fahari. Huwekwa katika ala nyeupe ya mbao isiyopakwa chochote, ambamo chuma hupumua na kupumzika. Mavazi ya fahari nayo hukusanywa pamoja na kuvikwa kwenye bapa la mbao, ili yasitawanyike.

Mambo manne hayafai kufanywa na asiye fundi. Usilinoe bapa kwa mashine wala kwa msasa, kwani huondoa chuma kisichorudi na kuuvuruga mstari wa hamoni. Usizing'arishe tsuba kwa dawa ya shaba, kwa maana weusi wake ndio kazi ya sonara. Usiuze mavazi mbali na bapa lake. Na zaidi ya yote, usiuparue msuka.

Onyo hilo la mwisho ndilo huvunjwa mara nyingi. Mrithi huvua mpini, akaona chuma kilichofunikwa na kutu, akadhani baba au babu yake alizembea. Akichukua brashi ya waya, ataukuta msuka uking'aa jioni hiyo. Jina linaweza kubaki likisomeka vizuri, lakini hakutakuwa tena na njia ya kuthibitisha kwamba lilichongwa na mwenyewe.